Siku Tulipofagia Kumunyu

Mwenyekiti wetu wa kijiji, William, alinikuta uani natandaza muhogo, Jumatatu ya katikati ya Oktoba, mwaka 2013. Hakutaka kukaa.

"Mwakeye, Mama Herieth."

"Mwakeye, Mwenyekiti. Kiti hicho hapo."

"Sikai, mama. Wageni wanakuja Alhamisi. Yule mama wa kampuni ya kutembeza watalii kutoka Kigoma mjini, na Bwana Brighton wa maliasili. Nataka wakifika Kumunyu wakute mahali panaeleweka. Wewe na akina mama wako mnajua kupokea watu."

"Hilo tuachie sisi," nikamwambia.

Sikuwa najisifu. Miaka miwili nyuma, alipokuja Baba Askofu kutoa kipaimara, ni sisi wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna tuliotengeneza njia kuanzia barabara kubwa mpaka mlango wa kanisa. Askofu alishuka kwenye gari, akasimama, akasema hajawahi kupita njia nzuri namna ile. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya, na nilikuwa bado. Basi William akaondoka roho imetulia, na mimi nikamaliza muhogo wangu huku nikihesabu kichwani nani ana fyekeo na nani ana jembe.

Kumunyu ni katikati ya msitu wa kijiji chetu, upande wa mashariki wa mji wa Kibondo. Msitu unaanzia nyuma ya mashamba, unateremka bondeni, unapanda mpaka kilima cha pili. Ukiamua kuuvuka kwa urefu wake kwa miguu, asubuhi yote inakwisha, ingawa kwa upana ni saa moja tu. Pale katikati pana uwazi wenye udongo wa kijivu, una chumvi, na hata Septemba, mito ikikauka, pale panabaki na unyevu. Wanyama wanakuja kulamba. Ndiyo maana kwa Kiha tukapaita hivyo, kwenye chumvi.

Mwaka ule msitu ulikuwa kwenye mizani. Shemeji yangu Pasikali, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa na watu wengi nyuma yake waliotaka ukatwe vipande, kila kaya ipate shamba la tumbaku. Upande wetu tulikuwa wachache: warina asali, na akina mama wanaookota uyoga na kuchimba dawa. Mkutano wa Agosti ulikaribia kuwa ngumi. William akasimama katikati akasema: Bwana Brighton amepata mama mmoja mwenye kampuni. Anatafuta pori la kuwatembeza wageni kwa miguu. Akipapenda, msitu unabaki. Asipopapenda, mkutano wa Desemba tunaleta kamba, tunapima. Wote tukakubali.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinategemea ile Alhamisi.

Mimi nilikuwa na changu mle ndani. Mume wangu Didas alipofariki mwaka 2009 aliniachia mizinga ya magome, imening'inizwa kwenye miombo kuizunguka Kumunyu. Kwetu mwanamke hapandi mti kurina. Anapanda mzee Ndihokubwayo, rafiki yake marehemu, na mimi nakaa chini kwenye kichuguu, rozari mkononi, nangoja ndoo ishuke. Ukikaa chini miaka minne bila kazi ya mikono, unaona mengi. Najua nsya, yule paa mdogo, anapita wapi. Najua nguruwe pori wanachimba mizizi ipi mvua ya kwanza ikinyesha. Najua palahala, wale wakubwa wenye pembe zilizopinda kurudi mgongoni, wanakuja kulamba saa ngapi, na dume anatangulia au anafuata.

Pamoja na kujua yote hayo, nilifanya nilichofanya.

Jumatano tulikwenda akina mama ishirini na sita. Tulifyeka njia yote pande mbili, upana wa gari. Tulibeba chokaa iliyobaki kanisani, tukapaka mawe, moja huku moja kule, mpaka Kumunyu. Pale penyewe tukafyeka majani yote yaliyozunguka uwazi, tukayakusanya, tukayachoma. Palikuwa na gogo la mninga lililooza, limejaa matundu ya ndege. Tukalivingirisha bondeni kwa kelele na vigelegele. Mavi ya wanyama yalikuwa yametapakaa kila mahali. Tukayazoa kwa vikapu, tukayatupa mbali. Halafu tukachukua matawi, tukafagia udongo wa chumvi wote, na pale palipokuwa na matope yaliyovurugwa tukasawazisha kwa mgongo wa jembe. Mwisho tukasimika migomba miwili kwenye mlango wa njia, tukaipinda ikashikana juu, tukaipamba maua.

Jirani yangu Esteri, ambaye mdomo wake haupumziki, alisimama akatazama kazi yetu akasema, "Kesho wanyama wenyewe wakifika watavua viatu."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Lakini niseme ukweli wote. Nilipokuwa nafagia karibu na matope niliona ukwato mmoja mkubwa, umezama ndani ya udongo mpaka maji yamejikusanya ndani yake. Nikaujua ni wa nani. Mkono ulisita. Nikajiuliza, hivi huyu naye ni uchafu? Halafu nikajijibu kuwa mgeni hapaswi kukuta matope yamekanyagwakanyagwa, nikapitisha ufagio.

Alhamisi saa nne wakafika. Mama mwenyewe aliitwa Kuruthumu, mtu wa Ujiji, umri wa miaka arobaini hivi, amevaa suruali pana na kanzu fupi juu yake, mtandio ameufunga nyuma, buti za porini miguuni. Alikuwa anatembea kama mtu aliyezoea. Bwana Brighton alimfuata, huyu ni mtu wa Moshi aliyeletwa Kibondo kikazi. Tuliwapokea kwa nyimbo. Bi Kuruthumu akapita chini ya migomba akitabasamu. Alipofika kwenye mawe ya chokaa tabasamu likapungua. Alipofika Kumunyu lilikuwa limekwisha.

"Hapa limepita tingatinga?" akauliza.

William akasema kwa furaha, "Hapana mama, ni akina mama hawa. Wamefanya usafi kwa ajili yako."

Bi Kuruthumu akachuchumaa, akashika udongo. "Nyayo ziko wapi?"

Nikajibu mimi. "Tulizisawazisha."

"Na mavi ya wanyama?"

Esteri akaruka mbele, "Hayo usiwe na wasiwasi kabisa, mama! Tumeyatoa yote. Vikapu kumi na vinne."

Bwana Brighton akajifunika uso kwa mkono. Bi Kuruthumu akatutazama mmoja mmoja, tulivyovaa vitenge vyetu vya sikukuu.

"Jamani," akasema polepole, "mimi nilikuja kwa ajili ya hayo mavi."

Akaketi juu ya jiwe lenye chokaa, akangoja. Alingoja saa nzima na zaidi. Harufu ya majani yaliyoungua ilikuwa bado nzito. Hata ndege hakulia. Wenzangu walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kunong'ona, kisha mtoto wa mtu akalia mgongoni.

Pasikali alikuwa amesimama pembeni na watu wake. Akasogea, akavua kofia kwa heshima zote. "Mama, umejionea mwenyewe. Humu hamna mnyama. Ni miti mitupu inayotunyima mashamba."

Bi Kuruthumu akamgeukia William, "Kampuni yangu ni ndogo, Mwenyekiti, nina uwezo wa kuanza mahali pamoja tu. Jumatatu naangalia pori jingine upande wa Munanila. Nikitoka huko nitaandika nilichokiona huku na nilichokiona kule." Akashukuru kwa nyimbo, akaondoka.

Jioni ile Pasikali alipita kwangu. Alisimama mlangoni, hakutukana, afadhali angetukana.

"Shemeji, ahsante sana. Mimi nilikuwa na maneno tu. Wewe ulikuwa na ufagio. Umenimalizia kazi."

Nilisali rozari, nikawa napoteza hesabu ya Salamu Maria. Nikafikiri Jumamosi niende kwa padri, nikaungame. Halafu nikaona kwamba padri angenipa malipizi na ningerudi nyumbani nimepata nafuu, lakini niliyemkosea asingepata chochote, na msitu usingepata chochote. Kuna dhambi ambazo unazifuata mpaka kwa mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nikapanda basi la Kasulu. Bwana Brighton ndiye aliyenielekeza. Alisema Bi Kuruthumu amefikia kwa mjomba wake, Hilali, mwenye duka la magodoro nyuma ya soko.

Nilifika mchana nimejaa vumbi mpaka kope. Mzee Hilali alikuwa amekaa katikati ya magodoro yake. Nikamsalimia, nikajieleza natoka kijiji gani. Hakuningoja nimalize.

"Kuruthumu!" akaita kuelekea uani. "Toka, yule mama wa ufagio amekuja!"

Kumbe nilishatangulia kufika Kasulu kabla ya basi.

Bi Kuruthumu alitoka anajifuta mikono. Akanikaribisha uani, akanipa maji, akanipa chai na chapati, na hakuniuliza kitu mpaka nilipomaliza kula. Ni mtu mwenye adabu. Nikamwambia: "Dada, si Mwenyekiti na si wale akina mama. Ni mimi niliyeagiza. Nilikuandalia pori kama nilivyomwandalia Askofu. Nilikosea."

Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akacheka. "Yaani yale mawe... Mungu wangu, yale mawe!"

"Cheka tu, dada. Lakini usiandike kwamba hamna wanyama, kwa sababu wamo. Nimewafagia mimi."

Nikamweleza. Nilimweleza palahala wanavyokuja kundi zima, majike ya kahawia na watoto, na dume jeusi linakaa nyuma kwenye miti mpaka lihakikishe. Nilimweleza ukwato ulionifanya nisite. Nilimweleza kakakuona niliyemwona mara moja tu, anavuka njia amenyanyua mikono kama mzee anayetafuta miwani. Aliacha kucheka. Akachukua daftari, akawa anaandika, ananiuliza mwezi gani, saa ngapi, upepo unatoka wapi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza upepo unatoka wapi tangu Didas afe.

Halafu akasema, "Ngoja nikuonyeshe ningefanya nini kama ningepapata." Akaleta karatasi kubwa, akaikunjua juu ya mkeka, akaweka vikombe kwenye pembe.

Ilikuwa Kumunyu. Niliitambua kwa umbo la bonde. Kuzunguka udongo wa chumvi kulikuwa na mahema manane, yamesimama juu ya saruji. Nyuma yake jiko. Nyuma ya jiko choo, chumba cha jenereta, na uwanja wa magari matatu. Barabara ilikuja moja kwa moja mpaka pale.

"Mgeni anaamka," alisema Bi Kuruthumu, kidole kikitembea juu ya karatasi, "anafungua zipu ya hema, na palahala huyo hapo, anamwona akiwa bado kitandani. Hawa watu wa mbali wanapenda hivyo."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na mtu aliyekuja kuomba msamaha hana mdomo mrefu. Lakini nilikuwa nimejifunza kitu Alhamisi, na kilikuwa bado kinaniuma.

"Dada, na haya majani hapa kati ya mahema?"

"Yatafyekwa. Nyoka."

"Na haya matope?"

"Hapo tutaweka njia ya mbao."

"Na usiku jenereta inanguruma."

"Mpaka saa nne tu."

"Basi dada, nisamehe," nikasema, "lakini hapa umefanya kazi yangu ileile. Mimi nilifagia kwa matawi, wewe unafagia kwa saruji. Yangu mvua itaifuta. Yako haifutiki."

Akanyanyua uso. Haikuwa sura ya kufurahi. "Mama, mchoro huu umechorwa na mtaalamu. Arusha."

"Amefika Kumunyu?"

"Hajafika."

"Mimi nimekaa pale miaka minne, na bado nilikosea. Yeye ambaye hajafika?"

Mzee Hilali alikuwa amesimama mlangoni kumbe, anasikiliza. Akasema, "Mpe jibu, mtoto, usiangalie vikombe."

"Lakini wageni wanataka kuona karibu!" akasema Bi Kuruthumu.

"Watembee wakaone. Mtu akitaka kuonana na Mungu anakwenda kanisani, haweki kitanda altareni."

"Wala sisi msikitini," akasema Mzee Hilali, akarudi kwenye magodoro yake.

Bi Kuruthumu akaikunja ile karatasi, si kwa hasira, polepole, kwenye mikunjo yake. Akaniambia atakwenda Munanila kama alivyopanga. Lakini hataandika kitu. Mwisho wa Novemba atarudi kwetu, yeye na Brighton tu, bila nyimbo. Akiona wanyama tutazungumza upya mambo ya mahema. Asipoona, ataandika hajaona.

"Na mpaka wakati huo tufanye nini?" nikamuuliza.

"Msifanye kitu."

"Hata kidogo?"

"Mama, msiingie. Msikate, msiokote, msiwashe moto. Waache wasahau."

Nilikwenda kulala kwa mwanangu Herieth, anayesomea ualimu palepale Kasulu, na njia nzima nilikuwa nafikiri: kuwaambia akina mama ishirini na sita wafanye kazi ni rahisi. Kuwaambia wasifanye, hapo nitahitaji watakatifu wote.

Na ikawa hivyo. Mvua zilianza wiki ya mwisho ya Oktoba, na baada ya mvua uyoga ukatoka. Mtu wa kwetu akisikia harufu ya mvua ya kwanza miguu inaenda msituni yenyewe. Kila baada ya misa nilizungukwa. "Mama Herieth, tunakula nini?" "Mama Herieth, ukingoni tu, hatufiki ndani." Wengine waliacha kunisalimia. Pasikali alipita barabarani akiwaambia, "Mnaona? Msitu ni wenu, lakini hamruhusiwi kuingia. Kwenye tumbaku nani angewakataza?" Na maneno yake yalikuwa na ukweli ndani, ndiyo maana yaliuma.

Kisha akaja mzee Ndihokubwayo, ameshika kamba yake ya kupandia.

"Miombo ilichanua vizuri mwaka huu, mke wa rafiki yangu. Asali imeiva. Kesho twende."

"Hatuendi."

"Una homa?"

"Hatuwezi kuwazuia wenzetu uyoga, halafu sisi tuingie na moshi."

"Mvua zikikaza nyuki wataila yote! Asali ya Novemba yote!"

"Waile."

Akaitupa kamba chini. "Didas angesemaje?"

"Angekasirika sana," nikasema. "Halafu angekaa nyumbani."

Mzee akanitazama, akaiokota kamba, akaondoka akisema peke yake njia nzima. Lakini habari zilienea kwamba Mama Herieth ameacha asali yake mizingani, na tangu siku hiyo manung'uniko ya akina mama yakapungua. Sikulipanga hilo. Nilipoteza asali ya msimu mzima na iliniuma, sitasema haikuniuma.

Wiki ya tatu ya Novemba nilimkuta Esteri kwenye njia ya mtoni, kikapu kimefunikwa kwa kanga. Harufu ya uyoga ilinifikia kabla yake.

"Esteri."

"Nimekosa, Mama Herieth. Nimekosa sana." Lakini macho yalikuwa yanacheka. "Sasa uanze kunigombeza, au nikwambie kwanza nilichokiona?"

"Sema kwanza."

"Majani yamenifika kiunoni. Mawe yetu hayaonekani. Na pale kwenye matope, mama wee, pamevurugwa kama mnadani siku ya ng'ombe. Mavi ndiyo usiseme!"

"Umeyagusa?"

"Nimeyapigia magoti," akasema Esteri.

Nilimgombeza baadaye, tukiwa tumeshakula uyoga.

Bi Kuruthumu alifika Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Tuliingia msituni asubuhi kabla jua halijapanda: yeye, Bwana Brighton, na mimi. Sikuwapitisha njia tuliyofyeka. Niliwazungusha upande ambao upepo unatupiga usoni, nikawakalisha nyuma ya kichuguu changu. Nikawaambia wasikohoe. Nikatoa rozari, nikaanza.

Nilimaliza mafumbo matano hakuna kitu. Nikaanza tena. Bwana Brighton alikuwa anasinzia. Nilikuwa nimefika fumbo la pili nilipoona Bi Kuruthumu ameacha kupumua.

Walikuja kama wanavyokuja. Jike moja likachungulia, likasimama. La pili. Kisha kundi, na watoto wawili wa mwaka ule, masikio makubwa kuliko uso. Wakainamisha vichwa, wakalamba. Tuliwasikia ndimi. Muda mrefu baadaye lile dume likatoka kwenye miti, jeusi, limelowa umande, pembe zimelala nyuma, likatembea mpaka katikati ya matope kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupafagia duniani. Bwana Brighton alikuwa anahesabu kwa vidole vyake juu ya goti. Bi Kuruthumu alikuwa analia, machozi tu, bila sauti. Nilishangaa, mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

Walipoondoka, alikaa palepale mpaka miguu ikamfa ganzi.

"Haya mama," akasema. "Hapa siweki hata kigingi. Niambie niweke wapi."

Nilikuwa nimeshapafikiria, kwa sababu nilikuwa na wiki sita za kutofanya kitu. Niliwapeleka kwenye kilima cha tanuri, nje ya msitu, ambapo zamani watu walichoma matofali ya shule. Pameshakuwa peupe, udongo umeungua, hakuna aliyewahi kupalima. Ukisimama pale unaona miti yote mpaka kilima cha pili.

"Ni mwendo wa nusu saa mpaka Kumunyu," nikasema.

"Nusu saa, asubuhi kabla ya chai?" Bi Kuruthumu akakuna kichwa. "Mgeni wangu atakubali?"

"Ametoka kwao mbali yote hiyo, ndege na magari, nusu saa ndiyo itamshinda?"

Bwana Brighton akacheka. Bi Kuruthumu naye alikuwa na lake: moshi wa kurina asali na wageni haviendi pamoja, na nyuki ndiyo kabisa. Akaniuliza kama mizinga ya pale jirani inaweza kuhama. Ilikuwa miti saba, na miti hiyo Didas aliichagua mwenyewe. Nilitembea hatua chache peke yangu, nikarudi, nikasema itahamia bonde la pili. Sikuona haki kumtaka yeye aondoe mahema yake na mimi nisiondoe chochote.

Mkutano wa Desemba ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye miti. Bwana Brighton alisoma barua ya Bi Kuruthumu, kwamba amechagua kuanzia kwetu. Alisoma na mapendekezo: wageni wachache, kwa miguu, mahema kilima cha tanuri, akina mama uyoga wao kila siku isipokuwa siku za wageni, na msitu usikatwe. Pasikali akanyoosha mkono. Nilijiandaa.

"Mimi sina ugomvi na palahala," akasema, na hakuwa anatania. "Nina watoto saba na shamba limechoka. Mnaniambia nini mimi?"

Lilikuwa swali la haki, na barua haikuwa na jibu lake. Tulibishana mpaka jua likainama. Mwishowe tukakubaliana kwamba lile eneo la kando ya barabara, ambalo wazee waliwahi kulilima likaota vichaka, lirudishwe kuwa mashamba, wapewe kwanza wenye haja kama yake. Lakini tumbaku isilimwe, kwa sababu kuikausha kunakula kuni, na kuni zingetoka kulekule. Pasikali hakuridhika. Lakini mikono ilipohesabiwa, wa kwake ulikuwa juu, chini kidogo kuliko ya wengine, kama mtu anayeota jua. Msitu ukabaki.

Watu walipoanza kutawanyika alinifuata.

"Shemeji. Hao wageni wakiamka asubuhi, nani atakuwa anawapeleka?"

"Mtu anayejua njia, na anayejua kunyamaza."

"Njia naijua. Nimeingia mle na kaka tangu nina miaka minane."

"Njia unaijua. Kunyamaza je?"

Akafungua mdomo, akaufunga.

Wageni wa kwanza walifika Juni iliyofuata, wanne, wazee wenye vijiti vya kutembelea. Siku moja nilikuwa natoka bonde la pili na Ndihokubwayo, tukawakuta wamesimama msururu kwenye njia, Pasikali mbele yao. Mmoja wa wale wazee aliniona, akanyanyua mkono, akaanza kunisalimia kwa sauti kwa Kiswahili alichojifunza. Pasikali akageuka na jicho kali, akaweka kidole mdomoni, akamwambia, "Shii! Mzee, hapa si sokoni." Kisha akanitazama mimi na ndoo yangu, shemeji yake, mke wa kaka yake, akanionyesha kwa kidevu nipite kwa mbali, huku upande wa pili, ambako upepo hautanitangaza.

Nikapita huko.